Mipira ya Gari la Bi Mwanaarabu

Gari liliinama upande mmoja pale pale mlangoni, punda hajaenda hata urefu wa baraza. Kulisikika mlio kama wa jino linalong'olewa, sanduku likaangukia mhimili, na Bi Mwanaarabu, aliyekuwa ameketi ndani nyuma ya pazia, akapiga ukelele mmoja mfupi. Rahima alipanda akamshika mabega. Alimkuta mtu mzima yule ameuma upindo wa ukaya wake wa kujitandia kichwani, machozi yanamtoka, mkono mmoja umeshikilia nyonga iliyovunjika siku alipoanguka ngazini na ikaunga vibaya.

"Usinishike hapo," alisema. "Niwate nipumue."

Fadhil, mume wa Rahima, alikuwa keshaingia chini ya gari. Lilikuwa gari dogo la magurudumu mawili, mali ya Mdachi mmoja mfanyabiashara aliyeliuza alipokwenda zake kwao. Hapakuwa na jingine kama hilo kisiwani, nalo ndilo lililokuwa miguu ya Bi Mwanaarabu. Sanduku lake halikulalia mhimili kama mkokoteni wa mawe. Lilikaa juu ya springi za chuma, na baina ya springi na sanduku, kila pembe, palikuwa na mpira mnene kama kitumbua, umepigiliwa msumari wa chuma katikati. Mipira hiyo ndiyo iliyomeza mishindo yote ya njia. Fadhil alitoka na kipande cha mmoja wao kiganjani. Alipokifinya kilimeguka kama mkate mkavu.

"Huu umekwisha," alisema. "Na iliyobaki haina maisha."

Bwana Husein alisimama kizingitini, kanzu yake nyeupe inang'aa. Alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake Bi Mwanaarabu, mwanafunzi wa masheikhe, na tangu bibi huyo afiwe na mumewe yeye ndiye aliyesemea nyumba. Asubuhi ile mtu alikuja kutoka Shela, kijiji cha mwisho wa ufuko, kuwaambia kwamba Bi Hadia, ndugu wa tumbo moja wa Bi Mwanaarabu, yu mahututi, hali wala hanywi, na kila akifumbua macho humwita ndugu yake.

"Sasa gari la nini?" Husein alisema. "Fadhil si huyu hapa? Amchukue mgongoni, kama zamani."

Rahima aliinamisha uso. Alijua kwamba kwa mashua haiwezekani. Tangu mumewe azame mbele ya kisiwa cha Manda, Bi Mwanaarabu alikuwa ameapa kwa msahafu kwamba hataingia chomboni. Mahamali wa pwani nao hakuwataka wamguse, wanaume asiowajua. Fadhil hakumhesabu miongoni mwa wanaume. Fadhil alikuwa wake. Alimbeba miaka yote kabla ya gari kununuliwa, na hata baadaye, gari lilipokuwa halipiti. Lakini huu ulikuwa mwaka wa tatu tangu serikali itangaze kwamba utumwa hauna tena hukumu katika nchi, na Fadhil alibaki pale kama mwendesha gari, kwa hiari yake.

"Gari nitalitengeneza, Bwana Husein," Fadhil alisema. "Mgongo wangu haumo."

"Haumo wapi?"

"Haumo katika kazi niliyoikubali."

Husein alimgeukia Rahima, kana kwamba mwanamume yule ameondoka. "Mwambie mumeo, kiwanja mlichojenga kibanda chenu ni cha nani. Na kisima mlichochimba kimo katika ardhi ya nani. Kesho akiwa hajamfikisha shangazi yangu Shela, mtafute pengine pa kukaa."

Rahima alimtazama Bi Mwanaarabu, akingoja aseme neno. Bibi alifumba macho. "Niingizeni ndani," alisema. Rahima na mwanamke mpishi wa nyumba wakamkalisha kitini, wakamwinua, huku na huku, hatua fupi fupi, mpaka kitandani.

* * *

Fundi Mahmud, Mhindi wa Kibohora aliyefua vyuma nyuma ya soko, aliwaacha Fadhil na Rahima wasimame juani mpaka alipomaliza kumsimulia mteja mwingine kisa kirefu cha mbuzi aliyekula kilemba. Kisha akamwita Fadhil kwa kidole.

"Wewe mtu wa Bi Mwanaarabu. Kuna nini?"

Fadhil alimwonyesha kipande cha mpira. Mahmud alikigeuza, akakinusa, akakirudisha.

"Mwaka jana niliagiza hivi Mombasa, kwa ajili ya gari hilo hilo, bibi yako alipolalamika kuwa linamtikisa. Nikajibiwa havitengenezwi tena. Kiwanda cha Ulaya kilichovitoa siku hizi kinatengeneza magari ya moto, yanayokwenda bila ya mnyama. Nani atawasha tanuri kwa mipira minne ya bibi mmoja wa Lamu? Weka mbao."

"Mbao zitamvunja nyonga mara ya pili," Rahima alisema.

Mahmud alimtazama kama aliyeshangaa kwamba amesema. "Basi na akae nyumbani."

Fadhil hakuwa akisikiliza. Kwenye pembe ya karakana palikuwa na magunia yaliyojaa madonge meusi ya mpira wa mwitu, ambao Waboni hugema katika misitu ya bara na wafanyabiashara huupeleka Ulaya. Alichukua donge moja, akalibonyeza. Lilibonyea, likarudi.

"Unafanya nini?" Mahmud alisema. "Huo ni mbichi, haujapikwa. Asubuhi kwenye baridi utakwambia mimi ni mpira. Jua likiupata unakuwa uji."

"Tutaondoka alfajiri. Jua halitatukuta njiani."

"Na asipoondoka alfajiri? Wanawake wa majumba makubwa wakianza kuvaa?"

"Ataondoka. Ni ndugu yake."

Mahmud aliguna. Mvuta mivukuto wake alikuwa mgonjwa siku ile, na chuma kilikuwa kinangoja. Akasema Fadhil akimvutia mivukuto mpaka adhuhuri, atampa madonge ya kutosha na misumari minne mipya. Basi Fadhil alivua kanzu, akachuchumaa mbele ya moto. Kila mteja aliyepita mlangoni alimtambua. "Ee, Bi Mwanaarabu amekuuza kwa Mhindi?" mmoja alisema, na karakana nzima ikacheka. Fadhil naye alicheka kidogo, kama mtu anavyolazimika. Rahima aliyekuwa ameketi nje kivulini aliona mishipa ya shingo yake ilivyosimama, akatazama kando.

* * *

Alasiri walilikalisha gari juu ya magogo uani kwao. Rahima alikata ngozi ya ng'ombe vipande vya mviringo, Fadhil akaviloweka katika sifa, mafuta ya papa yale wanayopaka vyombo vya baharini, mpaka vikalainika. Kila pembe aliweka ngozi, kisha mpira, kisha ngozi tena, akaukaza msumari. Uvundo wa sifa uliwaingia mpaka kwenye nywele. Binti yao mdogo alikwisha kupelekwa kwa jirani.

"Fadhil," Rahima alisema, "mara moja tu."

Fadhil alijua anaombwa nini bila ya kuambiwa. Aliendelea kukaza.

"Mara moja. Umbebe mpaka Shela, arudi, basi. Mtoto yule tutamlaza wapi? Kisima umekichimba kwa mikono yako, ukakaribia kufunikwa na mchanga. Leo tumwachie Husein, kwa sababu ya kubeba mtu asubuhi moja? Nawe ulimbeba miaka yote hiyo."

"Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?"

Fadhil alitoka chini ya gari, akaketi. "Siku ile tangazo lilipotolewa mbele ya ngome," alisema, "unakumbuka wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale pale, na wenzangu. Tulipiga vigelegele mpaka koo zikakauka."

"Mimi nilikuwa nimembeba. Alitaka kusikia wanasema nini, nikampeleka. Mtu anasoma kwamba sisi ni watu huru, na mimi ninamsikia nikiwa naye mgongoni, mikono yake shingoni mwangu. Hata kumwona anayesoma sikuweza, maana nikiinua kichwa namuumiza. Watu wakapiga vigelegele. Akaniambia, turudi, jua kali. Nikarudi." Alijifuta mikono kwa matambara. "Sikumchukia, Rahima. Simchukii hata sasa. Lakini nikimbeba kesho, sitaweza kukwambia tena nilimshusha lini."

Rahima alikuwa na hasira, na hasira ile haikujua imwendee nani. Alichukua kipande kingine cha ngozi akaanza kukikata, na kisu kikateleza kikamkata kidole. Fadhil akakifunga kwa kitambaa.

* * *

Alfajiri gari lilikuwa mlangoni. Maji yalikuwa yametoka mbali, ufuko umekauka na kukazana mpaka Shela, njia nzuri kuliko ya mawe. Bi Mwanaarabu alikuwa tayari kabla yao, hakulala. Rahima na mpishi walimpandisha, wakashusha pazia. Gari lilipokea uzito wake taratibu, likabonyea, likatulia.

"Limekuwa kama lilivyokuwa zamani," bibi alisema ndani ya pazia, na sauti yake ilikuwa na furaha kidogo. "Haya, twende."

Lakini Husein alikuwa ameacha maagizo kwamba wasiondoke bila yake. Shangazi yake hawezi kupita ufukoni na waachwa huru peke yao, watu watasema nini. Yeye alikwenda kusali sala ya alfajiri msikitini, na baada ya sala akakaa katika darsa. Mpishi alipelekwa mpaka mlango wa msikiti kumwita, akarudi akasema Bwana anasema anakuja. Akapelekwa tena. Jua lilitoka nyuma ya Manda, likapanda. Fadhil alivua kilemba chake, akakilowesha maji ya kisima, akakifunga juu ya pembe mbili za gari zilizokuwa upande wa jua. Ukaya wa Rahima ukafunikwa juu ya pembe ya tatu.

"Twendeni, Bi Mkubwa," Rahima alisema. "Bwana Husein atatufuata."

"Tumngoye," alisema Bi Mwanaarabu nyuma ya pazia. "Ndiye mwanamume wetu."

Husein alifika akitembea polepole, tasbihi mkononi. "Haya, mbona mmesimama?" alisema.

* * *

Nusu ya njia gari lilikwenda vizuri. Fadhil aliongoza punda kwa kamba, Rahima alitembea karibu na gurudumu, Husein nyuma, amekunja kanzu. Upande wa kushoto maji yalikuwa yameanza kurudi, yakiingia katika vifereji vya mchanga bila ya sauti. Upande wa kulia palikuwa na vichaka vya miiba, vimefungana kama ukuta.

Rahima ndiye aliyeona kwanza. Uzi mweusi ulikuwa ukining'inia kutoka pembe ya nyuma, mrefu, ukimetameta, kama asali ya giza. Aligusa. Ulimnata kidoleni.

"Fadhil."

Aliangalia, akaharakisha punda. Lilikuwa kosa, au pengine lingetokea hata hivyo. Gurudumu liliingia katika shimo la kaa, gari likaruka, na mpira wa pembe ile ukaminywa nje wote kwa mara moja. Msumari ulitoboa ubao wa sanduku. Pembe ya mbele nayo ikafuata. Bi Mwanaarabu alilia, si ukelele mfupi kama wa jana, bali kilio kirefu cha mtoto, na gari likalala upande, gurudumu moja limezama mchangani mpaka nusu.

Walimtoa, Rahima na Fadhil, wakitumia mto na shuka bila ya kumshika mwili, wakamlaza juu ya mchanga mkavu kidogo uliobaki chini ya miiba. Maji yalikuwa yameshafika kwenye kwato za punda.

"Hadia," bibi alikuwa akisema. "Ameniita, nami siendi. Ataona nimekataa."

Husein alikuwa amesimama, kanzu yake imelowa upindo. Alitazama Lamu, akatazama Shela. Mbali kule wanawake walionekana wakienda kisimani. "Niende nikaite watu," alisema. Kisha akaona maji, akajua kwamba akienda na kurudi hapatakuwa na ufuko. Sauti yake ikapanda. "Fadhil! Unangoja nini? Humwoni? Mbebe, mtu wee! Unataka azame kwa ajili ya kiburi chako?"

Rahima alimtazama mumewe. Uso wa Fadhil ulikuwa umekufa. Alimtazama Bi Mwanaarabu pale chini, nywele zake nyeupe zimetoka nje ya ukaya, akaangalia maji, na mabega yake yakaanza kushuka. Alifungua kamba ya kiunoni akaifunga upya, vile alivyokuwa akifanya zamani. Akapiga goti moja mchangani, mgongo wake ukielekea kwa bibi.

Usiku mzima Rahima aliliombea jambo hilo. Sasa aliliona, na moyo wake ukakataa kabla kichwa hakijafikiri.

"Simama, Fadhil," alisema.

"Rahima, maji..."

"Nimesema simama."

Alimwendea Husein, karibu kuliko alivyopata kumkaribia maishani mwake. "Bwana Husein, wewe umesoma, mimi sikusoma. Nifundishe. Zamani huyu alikuwa mtumwa wake, akimbeba hapana neno. Leo si mtumwa wake. Si nduguye, si mwanawe. Ni mwanamume wa kando, kama mahamali wa pwani. Ni halali amshike?"

Husein alifungua kinywa. "Hii ni dharura. Dharura ina hukumu yake."

"Dharura ni pale anapokuwa hana maharimu, mtu wa damu yake. Wewe ni nani kwake? Wewe si mtoto wa kaka yake?"

"Mimi?" Husein alisema. Alijitazama, kanzu, viatu, tasbihi. "Mimi sijui kubeba."

"Hakuna aliyezaliwa anajua. Fadhil alifundishwa na nani?"

Rahima aliogopa kwamba amewamaliza, nyumba na kisima na kila kitu. Kisha chini ya miiba Bi Mwanaarabu alinyosha mkono wake mkavu, wenye pete ya fedha, si kwa Fadhil.

"Husein," alisema. "Ndoo kwangu, mwanangu. Mayi yanakuya."

Akaja. Alipiga magoti vibaya, akaangukia mikono. Rahima alimpandisha bibi mgongoni kwa Husein, akamwonyesha mahali pa kufumbata vidole, namna ya kuinama ili nyonga isivutwe. Fadhil ndiye aliyemfundisha kusimama. "Usiinue kichwa," alimwambia, si kwa dharau, bali kama fundi anavyomwambia fundi. "Ukiinua kichwa unamuumiza. Tazama miguu yako tu."

Husein akaenda. Hatua za kwanza aliyumba mpaka Rahima akadhani wataanguka wote wawili. Maji yalimfika vigimbini, kanzu ikamnata, tasbihi ikamponyoka na hakuweza kuinama kuiokota. Wale wanawake wa kisimani walisimama na mitungi yao kumtazama Bwana Husein akipita, mwekundu, akihema kama punda, na shangazi yake mgongoni.

* * *

Rahima na Fadhil walipambana na gari mpaka mikono ikachubuka. Walimfungua punda, wakalisukuma kwa bega, wakatia matawi chini ya gurudumu, na mwishowe wakalikwamisha katika miiba, mahali maji yasipoweza kulichukua. Waliingia Shela wamelowa, wananuka sifa. Mlangoni kwa Bi Hadia hakuna aliyewakaribisha. Waliketi kwenye baraza la nje.

Bi Hadia alikuwa hai. Wenye nyumba walisema baadaye kwamba alimtambua ndugu yake, akamshika mkono, wakazungumza maneno ambayo wengine hawakuyasikia. Alifariki baada ya Alasiri. Siku za matanga Rahima alipika na kuosha vyombo pamoja na wanawake wa nyumba, na kila usiku alilala akifikiri juu ya kibanda chao.

Siku ya kuondoa matanga, Bi Mwanaarabu aliwaita. Alikuwa ameegemea mito, amekonda. Husein aliketi pembeni akijikanda kiuno, hakuwatazama.

"Shangazi," alianza Husein, "juu ya hawa, nadhani ni vyema wahame, kabla ya mwezi..."

"Yule mgonjwa wa kiuno, nani amemuuliza?" bibi alisema. Bi Mwanaarabu alimtazama Rahima muda mrefu, na Rahima hakuinamisha uso, ingawa alitaka.

"Maneno uloyasema ufukoni," bibi alisema, "ni maneno makali."

"Ndiyo, Bi Mkubwa."

"Umenitia aibu mbee za watu wa Shela."

"Ndiyo, Bi Mkubwa."

Bibi alipapasa shuka. Kisha akamgeukia Fadhil, aliyesimama nje ya kizingiti. Kwa muda hakujua amwite vipi. Rahima aliiona midomo yake ikianza amri na kuiacha.

"Gari lile," alisema, "latengenezeka?"

"Mipira yake haipatikani tena," Fadhil alisema. "Ya mwitu mmeiona. Labda ngozi tupu, tabaka kwa tabaka, ishonwe na ipigwe mpaka ishikamane. Sijui kama itafaa. Itabidi nijaribu, niharibu, nijaribu tena. Na kazi hiyo nitaifanyia kwangu, kwenye ua wangu, kwenye kisima changu. Nikiwa sina ua, sina pa kuifanyia."

Alisema *changu*. Husein aliinua kichwa. Bi Mwanaarabu hakugeuka kumtazama.

"Siku ngapi?"

"Siwezi kukwambia, Bi Mkubwa. Zitakazokuwa."

Nje wanawake walikuwa wakikunja mikeka ya matanga, wakiikung'uta mchanga ukutani. Rahima alishika nguzo ya mlango. Maisha yake yote alimwona mwanamke huyu akiwangoja watu wengi: mume, kaka, masheikhe, Husein. Wao wawili hajapata kuwangoja hata mara moja. Wao ndio waliongoja.

Bi Mwanaarabu alivuta shuka kifuani.

"Basi nendeni mukalitengeneze," alisema. "Mimi nitangoja."